Alitajwa, Akashukuriwa, Akaondoka: Uchambuzi wa Kisa cha Kipanga Zamu cha Linux, 2007

Usiku wa Ijumaa ya 13 Aprili 2007, Ingo Molnar, msanidi wa kampuni ya Red Hat na mmoja wa watu wanaoijua kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, hadi vichochoroni, aliwatumia wenzake tangazo la kipanga zamu kipya. Alikiita CFS, yaani kipanga zamu chenye haki kamili. Ndani ya maelezo yake ya kiufundi aliweka aya fupi ya shukrani. Sifa za mwelekeo mzima alimpa Con Kolivas, kwa kuwa ndiye aliyethibitisha kwa vitendo kwamba muda wa prosesa unaweza kugawanywa kwa haki, na kwamba mgao huo huifanya kompyuta ya mezani iitike vizuri zaidi. Akamalizia kwa kumpongeza kwa jina.

Julai mwaka uleule Kolivas aliacha kuiandikia kerneli.

Nimekichagua kisa hiki makusudi kwa sababu hakuna aliyefutwa. Tukizungumzia haki ya wachangiaji katika programu huria, visa vinavyokuja haraka ni vya dhuluma ya wazi: mtu kaandika, mwingine kasaini. Visa vya namna hiyo havihitaji uchambuzi, kila mtu anajua upande wa kusimama. Hapa tangazo lilifanya karibu kila kitu ambacho miongozo ya miradi inadai. Lilitaja jina, lilitaja kazi, lilisema asante. Bado deni lilibaki, na naamini inawezekana kuonyesha kwa kidole lilibaki wapi.

Walichokuwa wanakitengeneza

Kipanga zamu ni sehemu ya kerneli inayoamua mchakato upi, yaani programu ipi inayoendelea, utumie prosesa sasa hivi, na kwa muda gani. Ukiwa unasikiliza muziki huku kompyuta inajenga programu kubwa, kipanga zamu kikikosea utajua mara moja: sauti inakatika na kishale cha kipanya kinaganda. Tangu Januari 2002 kazi hiyo ilifanywa na kipanga zamu alichokiandika Molnar huyohuyo. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kilichukua muda uleule kuamua hata michakato ikiwa mingi kiasi gani, na kwa sifa hiyo kilitoka na toleo la 2.6 mwishoni mwa 2003.

Tatizo lake lilikuwa kukisia. Kilitazama mchakato unalala kwa muda gani ukisubiri, kikahitimisha kuwa huu lazima unamhudumia mtu aliyekaa mbele ya skrini, kikaupa upendeleo. Ni kama msimamizi wa bomba la mtaa anayewasogeza watu mbele ya foleni kwa kuwatazama usoni nani ana haraka. Mara nyingi atapatia, ila siku akikosea kuna mama atakaa na ndoo yake hadi jioni. Kila malalamiko yalipokuja, kanuni ya kukisia iliongezewa kipengele kingine, na kila kipengele kilifungua mlango wa lalamiko jipya.

Kolivas aliingia humo kama mtumiaji aliyechoshwa. Yeye ni daktari wa usingizi huko Australia. Lugha ya C alijifundisha mwenyewe, na hakuna kampuni ya kompyuta iliyokuwa ikimlipa. Alianza kwa kurekebisha hizohizo kanuni za kukisia, na mwaka 2003 marekebisho yake yaliingia kwenye kerneli rasmi. Mwaka 2004 akaja na kipanga zamu chake, cha ngazi. Alitengeneza programu za kupima jinsi mfumo unavyoitika, na akawa anatoa mkusanyiko wake wa viraka (mabadiliko ya msimbo) uliojulikana kwa herufi mbili za jina lake, -ck, uliokuwa na wafuasi wengi miongoni mwa watu wanaotumia Linux majumbani. Kisha, tarehe 4 Machi 2007, akatangaza RSDL, ambacho baadaye kiliitwa SD. Humo ukisiaji aliutupa wote. Kila mchakato una mgao wake, ukimaliza unashuka ngazi, na hakuna anayeachwa na njaa. Maneno ya haki kamili yalikuwemo tayari katika kichwa cha tangazo lake la Machi.

Andrew Morton, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, alikiingiza katika mti wake wa majaribio (nakala ya kerneli iitwayo -mm), mahali ambapo viraka vingi vikubwa vya wakati ule vilipitia kabla ya kuingia rasmi. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alionyesha kukipenda, kwa sababu tabia yake ilikuwa rahisi kuitabiri kwa akili. Zikaja ripoti za upande wa pili. Mike Galbraith, mjaribu mzoefu, alionyesha hali ambazo mfumo wa madirisha ulikwama chini ya mzigo kuliko ulivyokwama na kipanga zamu cha zamani. Kolivas alijibu kwamba sehemu ya hayo ndiyo haki yenyewe: mchakato uliozoea kupendelewa hauwezi kufurahia usawa. Kwa hoja alikuwa na msingi, lakini jibu hilo lilimgharimu baadaye.

Mambo yakiwa hapo, CFS ikatangazwa.

Saa 62

Watu walipoanza kumlaumu Molnar kwamba alikuwa akiandika kwa siri, alijibu kwa hesabu. Mstari wa kwanza aliuandika Jumatano saa mbili asubuhi, na tangazo akalituma Ijumaa saa nne usiku, jumla ya saa 62. Alisema anapenda kutoa kazi mapema hadharani kuliko kuizungusha chumbani, na kwamba hakutaka kuikalia hata siku moja zaidi kwa sababu alitaka Kolivas na wengine waione. Katika saa mbili za mwisho aliwaonyesha watu wawili aliowapata kwenye chati.

Namwamini. Hakuna sababu ya kudhani kuwa alipanga hila, na utamaduni wa kutoa mapema ndio ulioifikisha Linux ilipo. Leseni ya GPL, inayotawala matumizi ya msimbo wa Linux, haimtaki mtu aombe ruhusa. Kazi yenyewe pia ilikuwa tofauti kweli: Kolivas alitumia ngazi na safu zinazobadilishana zamu, Molnar akatumia mti mwekundu-mweusi, muundo wa data unaoipanga michakato kwa muda ambao kila mmoja umeshatumia, ukihesabiwa kwa nanosekunde. Tangazo lake lilieleza waziwazi kwamba muundo huo unaondoa kasoro za kubadilishana safu zilizokuwa zikiathiri kipanga zamu cha zamani na cha Kolivas pia. Anayesema Molnar alinakili msimbo hajausoma.

Lakini tazama zile saa mbili za mwisho. Walikuwepo watu wawili wa kuonyeshwa, na mtu ambaye mwelekeo mzima ulikuwa wake hakuwa mmoja wao. Alisoma kama alivyosoma mtu mwingine yeyote. Aliijua habari ya kwamba kazi yake ya miaka imekubaliwa kimawazo na kukataliwa kimsimbo katika barua ileile, mbele ya maelfu ya macho, pongezi zikiwa zimeshaandikwa. Mtu akikupongeza kwa namna hiyo hujui uuweke wapi uso wako. Ukikataa, wewe ni mwenye wivu. Ukikubali, umetia saini kuondolewa kwako.

Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kwanza, na lilitokea kabla ya aya ya shukrani kuandikwa. Barua ya mistari mitano Ijumaa asubuhi ingetosha: nimeandika kitu, kimetokana na njia yako, nitakitangaza leo usiku, ningependa uone nilivyokutaja na uniambie kama ni sawa. Isingebadilisha msimbo wala ratiba. Ingempa Kolivas nafasi ya kusoma peke yake kwanza, na huenda ingempa Molnar sentensi bora zaidi ya kuweka kwenye tangazo, kwa sababu hakuna anayeijua historia ya wazo kuliko aliyelibeba.

Kosa la pili ni la kile ambacho aya haikukigusa. CFS ilikuja na tabaka jipya lililoruhusu sera mbalimbali za upangaji kukaa kama moduli, moja juu ya nyingine. Miaka mitatu nyuma kulikuwa na mradi uitwao plugsched. William Lee Irwin aliuanza, Kolivas akaushika, kisha Peter Williams akauendeleza. Lengo lake lilikuwa kuwezesha vipanga zamu tofauti kuchomekwa kwenye kerneli moja, na ulikataliwa. Molnar na Torvalds ni miongoni mwa walioupinga. Walioukumbuka walishangaa kuona neno moduli likirudi katika tangazo la mmoja wa waliolikataa. Molnar alieleza kuwa vitu hivi viwili havifanani: plugsched ilimtaka mtu achague kipanga zamu kimoja kati ya vingi, wakati CFS inaweka sera kwa daraja ndani ya kipanga zamu kimoja. Maelezo hayo ni sahihi. Yalifaa yawe ndani ya tangazo, yakitaja mradi ule kwa jina na kusema umetofautiana nao wapi, badala ya kutolewa baadaye kama utetezi. Tofauti ikitajwa mapema inasomeka kama heshima kwa waliotangulia. Ikitajwa baada ya lawama, hata kama kila neno ni kweli, itasomeka kama kujikosha.

Safu ya mwandishi

CFS iliunganishwa kwenye kerneli rasmi mapema Julai 2007, mara baada ya toleo la 2.6.22 kutoka. Toleo la 2.6.23 lilitolewa tarehe 9 Oktoba. Na hapa ndipo suala linapoacha kuwa la watu wawili.

Tangazo la toleo la kerneli kwa desturi huambatana na orodha: majina kwa alfabeti, na chini ya kila jina vichwa vya viraka vyake. Hakuna anayekaa kuiandika kwa mkono. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, huitoa yenyewe kwa kusoma safu ya mwandishi katika kila badiliko lililohifadhiwa. Ni orodha ya haki kwa maana moja muhimu sana: haimjui mkubwa wala mdogo. Mwanafunzi aliyesahihisha mstari mmoja anakaa karibu na mhandisi wa kampuni kubwa. Siku hizi, dirisha la kuunganisha (kipindi cha kupokea kazi mpya) likifungwa na mabadiliko yakiwa mengi mno, Torvalds huorodhesha wale tu aliopokea kazi kutoka kwao, na huwa anaonya kwamba hao si lazima wawe ndio walioandika. Onyo hilo dogo nalipenda. Linamwambia msomaji orodha inahesabu nini.

Orodha ya namna hiyo haina pa kumweka mtu ambaye msimbo wake haukuingia. Kolivas alifungua njia, akaithibitisha na kuibeba miaka mitatu, akiwa na kundi zima la watu waliokuwa wakijenga kerneli za -ck majumbani, wakipima na kuripoti. Watu hao ndio waliowaonyesha wakubwa wa kerneli kwamba malalamiko ya kompyuta ya mezani ni ya kweli. Kipanga zamu chenyewe kilipoingia, mabadiliko yaliingia kwa jina la Molnar na wenzake walioyaandika, na mashine ikahesabu ilichokiona. Februari ileile ya 2007, jarida la LWN lilikuwa limechapisha hesabu ya nani ameandika toleo la 2.6.20, kwa jina na kwa mwajiri. Hesabu za namna hiyo zilizoeleka, na zikawa kitu ambacho kampuni hukinukuu na waajiri hukitazama. Kuanzia hapo, kutokuwa na mstari kwenye orodha kukawa na bei.

Bei hiyo hailipwi sawa na wote. Molnar alikuwa na mshahara wa Red Hat. Aya ya shukrani ingeweza kuongezwa au kupunguzwa na mwisho wa mwezi ungefika vilevile. Kolivas alikuwa akitoka hospitalini kwake na kukaa kwenye kerneli kwa mapenzi. Kwa mtu wa kujitolea, kutambuliwa ndio ujira wote uliopo. Hakuna bahasha nyingine itakayokuja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayeandika tangazo aanze kwa kujiuliza ni nani kati ya hawa wote hana mshahara wa kazi hii, na aya ya huyo aiandike kwa uangalifu wa pekee.

Kuna kitu kingine ambacho watu huchanganya. Kumshukuru mtu na kumtambua havifanyi kazi moja. Shukrani humfikia mwenyewe na huishia hapo. Utambuzi ni taarifa: humwambia mtu wa tatu, asiyewajua wote wawili, kwamba kitu fulani kilifanywa na fulani, lini, na kinapatikana wapi. Aya ya Molnar ilikuwa na joto la shukrani na chembe ya taarifa. Mtu anayeisoma leo hapati tarehe ya tangazo la Machi, hajui kwamba kazi ilikuwa tayari kwenye mti wa majaribio, wala hajui kwamba kipanga zamu kilichothibitisha jambo hilo kilikuwa kinashindania nafasi ileile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Torvalds alipoeleza Julai kwa nini alichagua CFS, alisema wazi kuwa ni suala la utunzaji: alimwona Molnar kama mtu atakayeshughulikia ripoti za matatizo, na Kolivas kama mtu anayebishana na wanaoripoti. Unaweza kukubaliana naye au la. Uamuzi wa kuchagua msimbo wa nani ni haki ya mradi, na msanidi hawezi kudai achaguliwe kama sehemu ya utambuzi. Kolivas naye, katika mahojiano ya mwezi huohuo, alieleza sababu pana za kuondoka: kwamba maendeleo ya kerneli yalielekezwa kwenye seva za makampuni, kwamba mtumiaji wa kawaida hakuwa na njia ya kusikika, na kwamba kiraka chake kingine cha kumbukumbu ya kompyuta kilikaa kwenye mti wa majaribio zaidi ya mwaka bila kuamuliwa. Kwa hiyo sitasema aya moja ilimfukuza. Nasema kwamba alipojumlisha hesabu zake, aya hiyo haikuwa na uzito wa kumbakiza.

Mstari mmoja juu ya faili

Nenda kwenye msimbo wenyewe, faili la kernel/sched.c la toleo la 2.6.23. Juu kabisa kuna maoni yaliyokuwa yakiongezwa tangu miaka ya tisini, tarehe upande wa kushoto, jina na kazi upande wa kulia. 4 Januari 2002, kipanga zamu kipya cha Ingo Molnar, na walioshauri wametajwa. 3 Septemba 2003, marekebisho ya uitikaji yaliyofanywa na Con Kolivas. 2 Aprili 2004, Nick Piggin. Halafu unakuja mstari wa 15 Aprili 2007. Unasema kazi imeanza ya kuondoa marekebisho yote ya uitikaji na kuweka mahali pake muundo wa upangaji wa haki wa Con Kolivas.

Hapo kuna kitu kizuri ambacho sitaki kukipita. Jina lake limewekwa ndani ya msimbo, pale ambapo kila atakayefungua faili ataliona, na muundo wa haki umeitwa wake. Wengi waliosimulia ugomvi huu hawataji mstari huo kabisa.

Sasa tazama tarehe. Ni siku mbili baada ya tangazo la CFS. Mtu akisoma historia kwa kufuata mistari hiyo, ataelewa kwamba kazi ya upangaji wa haki ilianza katikati ya Aprili. Tarehe 4 Machi haipo. Mwaka 2004 wa kipanga zamu cha ngazi haupo. Mstari unarekodi siku ambayo wazo liliingia ndani ya mradi, na siku ambayo wazo lilizaliwa imekosa pa kuandikwa. Fungua pia faili la pili, lile la CFS yenyewe, ambalo leo ni fair.c. Kichwani kuna hakimiliki ya Red Hat na Molnar, kisha wachangiaji mmoja mmoja na alichofanya kila mmoja: Mike Galbraith kwa uitikaji, Dmitry Adamushko kwa maboresho mbalimbali, Srivatsa Vaddagiri kwa upangaji wa makundi, Thomas Gleixner kwa hesabu, Peter Zijlstra kwa urefu wa zamu. Wote walistahili. Kolivas hayumo, kwa kuwa hakuna mstari wake humo.

Miaka ikapita, kernel/sched.c ikahamishiwa kwenye folda ya sched na kuitwa core.c, na orodha ile ya tarehe na majina ikaondolewa. Ukiifungua leo hutaikuta. Sababu inaeleweka: Git inahifadhi historia, ya nini kuirudia kwenye maoni? Ila Git, kama tulivyoona, inahifadhi walioandika. Sehemu pekee iliyokuwa ikimbeba asiyeandika ni ile iliyofutwa.

Ilijirudia kabla ya mwaka kuisha

Mwishoni mwa Agosti 2007 Roman Zippel alichapisha kipanga zamu kingine, akidai hesabu za CFS zinaweza kufanywa kwa usahihi zaidi na kwa wepesi zaidi. Septemba, Molnar na Zijlstra walitangaza mabadiliko mapya ya CFS, na tangazo likasema wamechukua mawazo kadhaa kutoka kwa kiraka cha Zippel. Zippel alilalamika hadharani kuhusu namna alivyotajwa.

Namwelewa kabisa. Mawazo kadhaa yapi? Maneno hayo mawili hayamsaidii msomaji kujua kilichotoka kwake, na hayamsaidii hata anayeshukuru, kwa sababu hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Anayechukua vitu vitatu aviandike vitatu, kila kimoja kwenye badiliko linalohusika.

Na si jambo la zamani. Mwaka 2022 kasoro ya usalama yenye namba CVE-2022-32981 ilirekebishwa katika sehemu ya kerneli hiyohiyo inayohudumia prosesa za PowerPC. Aliyeigundua, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza kuchangia, alituma kiraka pamoja na ripoti. Msimamizi aliandika kiraka chake mwenyewe na kumtaja mgunduzi kama aliyeripoti. Kuripoti kulikuwa kweli, lakini kulikuwa pungufu ya alichofanya. Kufikia wakati huo kerneli ilikuwa na lebo rasmi za aliyependekeza, aliyejaribu, aliyepitia na aliyeandika kwa pamoja, kwa hiyo chombo hakikukosekana. Kilichokosekana ni dakika chache za kumwandikia mgeni: kiraka chako kinahitaji hiki na hiki, ukirudishe, au niruhusu nikimalizie kwa majina yetu wawili.

Tangazo ambalo lingewezekana

Ningekuwa nasaidia kuandika tangazo la Aprili 2007, ningependekeza aya yenye sura hii, nikiiandika kwa nafsi ya mtangazaji:

"Upangaji wa haki usiotumia kukisia uliletwa kwenye kerneli na Con Kolivas, kwanza kwa kipanga zamu cha ngazi mwaka 2004, kisha kwa RSDL aliyoitangaza tarehe 4 Machi mwaka huu, ambayo kwa sasa inajaribiwa katika mti wa -mm kwa jina la SD. Nilichokiandika kinafuata lengo lilelile kwa muundo mwingine, na ni mbadala wa SD. Msimbo wa SD haujatumika humu. Sikuwa na imani na njia hii hadi matokeo yake na ya wanaotumia viraka vya -ck yaliponishawishi. Wazo la kuzitenga sera kama moduli liliwahi kujadiliwa katika plugsched ya William Lee Irwin, Kolivas na Peter Williams. Hapa sera zinapangwa kwa daraja, hazichaguliwi. Con amesoma aya hii kabla sijaituma."

Haifiki maneno mia moja ishirini. Haimpi Kolivas msimbo asiouandika, wala haimnyang'anyi Molnar chochote. Sentensi iliyo ngumu kuliko zote ni ile inayosema kuwa hiki ni mbadala wa kazi ya fulani, na ndiyo ninayoiona muhimu kuliko zote. Watangazaji huikwepa kwa kuogopa kuumiza. Anayeondolewa anajua ameondolewa. Ukinyamaza, unamwachia yeye kazi ya kuusema ukweli huo, na akiusema ataonekana mgomvi.

Oktoba, toleo la 2.6.23 lilipotoka, orodha ya mashine ingebaki ilivyo. Juu yake ingetosha sentensi moja ya mkono wa binadamu inayosema mabadiliko makubwa ya toleo hili yametokana na kazi ya nani ambaye hamtamwona katika orodha hapa chini, na wajaribu gani walioripoti matatizo hadi yakatatuliwa. Msimamizi wa mradi mdogo anaweza kufanya hivyo leo bila chombo chochote kipya. Kabla ya kutangaza, apitie masuala yaliyofungwa katika toleo hilo na kujiuliza kwa kila moja: nani alilifungua, nani alitoa mfano wa kulirudia, kiraka cha nani kilikataliwa lakini kikatuonyesha njia? Majina hayo aandike pamoja na kitenzi cha alichofanya kila mmoja. Amejaribu, ametafsiri, amependekeza, ametuthibitishia. Neno amesaidia liwe la mwisho kabisa, pale tu ambapo kweli hakuna lingine.

Kolivas alirudi mwaka 2009 na kipanga zamu kingine, BFS, akakiweka nje ya kerneli rasmi na kusema hana nia ya kuomba kiingizwe. Kilichagua mchakato wa kufuata kwa kutazama tarehe za mwisho za kinadharia za michakato. Kilifuatiwa na MuQSS, na aliendelea kutoa viraka vya -ck hadi 2021.

CFS yenyewe ilidumu hadi toleo la 6.6, Oktoba 2023, ilipopisha EEVDF iliyoletwa na Peter Zijlstra. Nayo hutazama tarehe za mwisho za kinadharia, kwa hesabu zilizotoka katika andiko la kitaaluma la 1995 la Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab. Zijlstra alilitaja andiko hilo kama chanzo cha wazo.